Sentensi za Mama Sukuma

Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu siku ya kwanza wanataka kujua "habari za jioni" inasemwaje kwa Kifaransa. Mama Sukuma hakuwa na haja na jioni wala habari zake. Aliingia na viatu vyake vyeupe vya mpira, akachagua kiti cha mbele kabisa, akauliza "sukuma" inaitwaje. Nikamwambia: poussez. Akalirudia mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akauliza "usisukume" inaitwaje. Nikamwambia: ne poussez pas. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa viatu vya mguu mmoja.

"Hilo refu mno, Madamu," akasema. "Nikimaliza kulitamka, mtoto ameshazaliwa."

Hapo nikajua nimepata mwanafunzi atakayenichosha. Na kweli alinichosha, na sijapata mwingine niliyempenda kama yeye.

Darasa langu liko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Jioni, mimi nikiwa nafundisha vitenzi, huko chini wauzaji wanayapiga magodoro makofi ili wateja wasikie yalivyo magumu, na kila kofi linapanda hadi kwangu kupitia sakafuni. Nilifundisha shule miaka mingi, nikastaafishwa. Shule ndiyo iliyonistaafisha, Kifaransa hakijanistaafisha bado. Sina subira na watu wanaochelewa, sina subira na wanaotafuna darasani, na wanafunzi wangu wanasema nyuma ya mgongo wangu kwamba nina ulimi mkali. Nimewasikia. Hawajakosea.

Mama Sukuma ni mkunga wa hospitali ya umma, wodi ya wazazi, tangu akiwa binti. Jina lake halisi analijua mhasibu wa hospitali tu. Wengine wote tunamwita kwa kile anachokipigia kelele kutwa nzima. Ukitembea naye barabarani ni usumbufu mtupu, maana mabaraza mazima yanasimama kumwamkia. Wanaume wenye ndevu, wenye matumbo, wenye magari, wanainamisha vichwa na kusema shikamoo Mama, naye anawaangalia kwa jicho la mtu aliyekwisha kuwaona wakiwa wamefunikwa damu na wanalia. Nyumbani ana mume mstaafu, aliyekuwa mchora ramani, mpole, anayepika vizuri kuliko mkewe. Huyo mume aliniambia kwamba amechoka kuamrishwa. Akitafuta funguo zake tu, mkewe kutoka chumba cha pili anamwambia avute pumzi, atulize mabega, asikaze meno.

Kilichomleta kwangu ni kazi. Siku hizi wodini kwao wanakuja akina mama wengi kutoka upande wa pili wa mpaka, wake za mafundi na wafanyabiashara, ambao wamezungumza Kifaransa tangu shuleni na Kiswahili hawajakishika. Mama Sukuma alikuwa akiwaambia wasukume, nao wanamkodolea macho. Mmoja alidhani anafukuzwa, akateremka kitandani na kuanza kutafuta viatu. Mama Sukuma aliona aibu kwa niaba ya hospitali nzima, akaomba abadilishiwe zamu ili jioni mbili za wiki awe huru, akaja kwangu.

Alikuwa na desturi yake ya kujifunza, ambayo mimi sikumfundisha na singeweza kumfundisha. Kila aliposikia wodini sentensi ya Kifaransa asiyoielewa, aliishika kwa masikio, nzimanzima, bila kujua neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Aliirudia moyoni huku akibadilisha mashuka, huku akinawa mikono, huku akipanda ngazi zangu. Akifika darasani anafumba macho na kuitoa yote kwa mkupuo, na sisi tunaifumua. Ikawa sehemu ya somo; wenzake walikuwa hawakubali kuanza mpaka wasikie Mama Sukuma kaleta nini. Mara nyingi ilikuwa ni mgongo unaniuma, au kandambili yangu iko wapi, au tusi zito kwa mume aliyesababisha yote hayo. Dereva wa lori, anayekaa nyuma karibu na dirisha, aliyashika matusi hayo upesi kuliko kitenzi chochote nilichowahi kumfundisha.

Lakini zile sentensi ambazo wodini palikuwa na mtu wa kuzitafsiri hakuzileta. Alisema hizo ameshazijua maana, kwa nini atupotezee muda.

Sasa, katika Kifaransa upo wakati mmoja ninaoupenda kuliko zote, na vitabu vinauita conditionnel passé. Sisi tunaosema Kiswahili tunao mkononi: ningalijua, nisingalikuja. Tia -ngali- katikati, basi, umeshajuta. Mfaransa hajuti kwa neno moja. Anataka mawili. Kwanza kitenzi kisaidizi, avoir au être, kikiwa kimevaa mwisho wa masharti. Kisha kitenzi chenyewe, katika sura ya jambo lililokwisha. J'aurais mangé, ningalikula. Je serais partie, ningaliondoka. Vitenzi vya kwenda na kuja, kuzaliwa na kufa, vinashika être, pamoja na vile vya mtu kujifanyia mwenyewe. Vilivyobaki karibu vyote vinashika avoir. Na ukitanguliza si, yaani "kama", hayo masharti hayaruhusiwi kukaa upande huo hata kidogo. Huko unaweka wakati uliopita wa nyuma zaidi: si j'avais su, kama ningalijua. Wanafunzi wote wanakosea hapo, na wote nawagombeza.

Ni wakati wenye kazi nyingi. Upo wa majuto. Upo wa lawama: tu aurais pu me le dire, ungaliweza kuniambia. Upo wa uvumi, pale gazeti linapotaka kusema jambo bila kushikwa shati: le pont se serait écroulé, daraja eti limeanguka. Na upo wa adabu: j'aurais voulu vous parler, husema mtu anayeomba kuzungumza nawe huku akijifanya hakuwa na haraka. Haya yote niliyaandika ubaoni jioni moja, nikapiga mstari chini ya aurais, aurait na serais mpaka chaki ikakatika.

Sheria yangu ni kwamba mifano ya kitabuni hatuitumii. Wale vijana wa kitabuni wanaokosa treni kila ukurasa wamenichosha. Kila mtu anatunga sentensi ya maisha yake mwenyewe, na iwe ya kweli. Dereva wa lori akasimama wa kwanza: si j'avais écouté ma mère, j'aurais épousé la voisine. Kama angalimsikiliza mama yake, angalimwoa jirani. Darasa likavunjika mbavu, naye akaongeza kwa Kiswahili kwamba mkewe asiambiwe. Msusi, ambaye saluni yake iko mtaa wa pili, akasema kwamba kama angalisoma, angalikuwa jaji. Hakuna aliyecheka, na nadhani yeye mwenyewe alishangaa kujisikia akilisema.

Ikawa zamu ya Mama Sukuma. Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa ameangalia ubao, pale kwenye mistari, na mikono yake aliyozoea kuiegemeza magotini ilikuwa imeshika ukingo wa dawati.

Akaniuliza, "Madamu, mtu akitaka kuuliza kama anaweza kuoga, anasemaje?"

Nikamwambia kwamba tuko kwenye masharti, mambo ya kuoga tuliyamaliza zamani. Akauliza tena, kwa sauti ileile. Nikamjibu: est-ce que je peux me laver.

"Humo hamna aurait."

"Hamna."

"Wala vécu."

Nikamuuliza vécu kaisikia wapi. Akafumba macho, kama anavyofumba siku zote, akaitoa nzimanzima: est-ce qu'il aurait vécu si j'étais venue le matin.

Niliitafsiri kabla sijafikiri, maana ndiyo kazi yangu, mdomo unatangulia. Je, angaliishi, kama ningalikuja asubuhi? Nilipomaliza kuisema ndipo nilipoisikia. Dereva wa lori akavua kofia. Chini, dukani, mtu akapiga godoro kofi.

Niliwapa wanafunzi zoezi la kufanyia nyumbani nikawaruhusu. Mama Sukuma alibaki kwenye kiti chake cha mbele, nami nikakaa kwenye kiti cha msusi, na akanieleza.

Wiki kadhaa nyuma, alasiri moja, fundi vioo alimleta mkewe wodini kwenye gari la kukodi. Mimba ya kwanza. Fundi ni mtu wa hapa, mke alimpata upande wa pili wa mpaka alikokwenda kufunga madirisha ya jengo fulani, na binti wa watu alikuwa hajamaliza hata mwaka huku. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu alfajiri. Mama Sukuma aliweka sikio, akaweka mashine, akaweka sikio tena, na akajua. Mtoto alizaliwa jioni, wa kiume, ametimia, na hakuwa hai. Ngozi yake ilikuwa imeanza kubadilika kwa namna ambayo mkunga yeyote anaijua: alikuwa amefariki tumboni kabla uchungu haujaanza. Mama Sukuma alimwambia fundi kwamba mtoto hayupo na poleni sana. Zaidi ya hapo hakusema, kwa sababu saa hiyo watu hawasikii kitu.

Yeye ana utaratibu wake. Asubuhi ya pili, kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani, anakwenda kukaa kitandani kwake, anamshika mkono na kumuuliza kama ana swali. Kila mama, aliyejifungua salama na aliyepoteza. Akiulizwa, anajibu yote, na hafichi. Asipoulizwa, hamlazimishi mtu kusikia. Asubuhi hiyo alikaa kitandani kwa mke wa fundi vioo, akamwambia fundi amuulize mkewe kama ana swali lolote. Mke akauliza. Fundi akasema: "Anauliza kama anaweza kuoga." Mke akalirudia swali, polepole, mara hii akimtazama mkunga usoni, wala si mumewe.

"Na mimi nikamwambia ndiyo," Mama Sukuma alisema. "Ndiyo, mwanangu. Nikatingisha kichwa. Nikatabasamu, Madamu."

Mke alikuwa ameshajifunza maneno machache ya Kiswahili, na "ndiyo" lilikuwa mojawapo. Alianza kulia. Mama Sukuma alidhani ni msiba unatoka, akamkumbatia. Akawaza kwamba mama anayeuliza habari za kuoga bado hajafika kwenye swali lenyewe. Atalileta siku ya kliniki. Siku ya kliniki hawakuja.

Nilimuuliza jibu la kweli ni lipi. Akasema ni hapana. Asubuhi ile, alfajiri ile, tayari mtoto alikuwa amekwisha kwenda. Hata kama mama yake angaliletwa kwa ndege.

Niseme wazi kwamba nilipandwa na hasira, na hasira yangu yote ilimwelekea fundi vioo. Mtu mzima anapewa swali moja alivushe kutoka mdomo mmoja hadi sikio moja, hatua mbili, na analitupa njiani. Nikamwambia Mama Sukuma kwamba kesho nitakwenda naye, nitamweleza huyo mama mwenyewe kwa Kifaransa kilichonyooka, na mumewe nitampa vidonge vyake. Alikataa yote mawili. Alisema swali aliulizwa yeye, na jibu la uongo lilitoka kwenye kichwa chake yeye. Mdomo wa mtu mwingine ndio uliowafikisha hapo.

"Nifundishe jibu," akasema. "Moja tu. Lakini lisiwe na kosa hata moja."

Tulijifunzia hospitali, mchana, kwenye chumba cha mashuka, wakati wake wa kupumzika. Yeye alikunja mashuka na mimi nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu nikimsahihisha. Non. Même si vous étiez venue le matin, il n'aurait pas vécu. Hapana, hata kama ungalikuja asubuhi, asingaliishi. Sehemu ya kwanza ilimshinda. Kila mara alikuwa anatia masharti upande wa si, kama wanavyotia wote, na nilijikuta, kwa mara ya kwanza maishani, sina nguvu ya kugombeza. Baadaye tukaongeza: il était déjà mort avant les douleurs. Alikuwa ameshafariki kabla ya uchungu. Wauguzi vijana walipopita mlangoni na kumsikia bosi wao anaongea na mashuka, waliondoka kwa kunyata.

Nilitaka kumwongezea sentensi moja nzuri, ya kufariji: vous n'auriez rien pu faire. Akauliza maana yake. Nikamwambia ni "usingaliweza kufanya lolote". Alisimama na shuka kifuani, akafikiri.

"Hiyo sina hakika nayo," akasema. "Asubuhi najua. Siku za nyuma sikuwepo. Itoe."

Nikaitoa. Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa likinikereketa tangu jioni ile darasani: je, kama jibu la kweli lingekuwa ndiyo, angekwenda? Alikunja shuka lile, akalipiga pasi kwa kiganja, akachukua lingine.

"Ningekwenda," akasema. "Ila ningekwenda polepole."

Tulikwenda siku yake ya mapumziko, asubuhi. Nilikubaliwa kufuatana naye kwa sharti moja, kwamba nisifungue mdomo. Karakana ya fundi vioo iko kwenye uchochoro wa mafundi, kati ya mchomelea vyuma na mtengeneza makochi, na nyumba yao ndiyo hiyo hiyo, vyumba viwili vilivyo nyuma ya karakana. Fundi alikuwa ameinamia meza iliyotandikwa blanketi, anapitisha kikatio juu ya kioo. Ni kijana mrefu, mwenye makovu madogo madogo vidoleni. Alipoinua uso na kumwona Mama Sukuma, kikatio kiliteleza, na kioo kikapasuka mahali pasipotakiwa.

Hakuulizwa kitu. Mama Sukuma alimwamkia tu, akasema amekuja kulijibu lile swali la kuoga. Fundi aliweka vile vipande chini, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba bado vina kazi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilikuwa na maneno yangu tayari, ya lugha zote mbili.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia aningoje," alisema. "Alinipigia simu alfajiri, nilikuwa nje ya mji, nafunga madirisha. Nikamwambia ningoje, nakuja, usiende peke yako na hujui lugha. Nikafika alasiri. Sasa pale kitandani akauliza vile. Mimi nitaulizaje vile, Mama? Kama ukisema ndiyo, ni mimi."

Basi alikuwa amechukua neno la kwanza lililomjia. Palikuwa na beseni karibu na kitanda, ndiyo maana likaja la kuoga. Alidhani amejikinga. Kisha akamwona mkunga anatingisha kichwa, anatabasamu, anasema ndiyo, na mkewe anaangua kilio. Na yeye, aliyejua nini kimeulizwa na nini kimejibiwa, alishindwa kulirudisha nyuma. Alijaribu usiku wa siku hiyo kumwambia mkewe kwamba mkunga hakuelewa. Mkewe alimwambia kwamba amemwona kwa macho yake. Tangu hapo hajamsemesha tena. Anampikia, anamfulia, anamwekea maji, na neno halimtoki. Wiki ijayo anarudi kwao. Begi lilikuwa limeshafungwa. Tuliliona tulipoingia, limesimamishwa nyuma ya mlango.

Jambo moja hakulijua, na hapo uchochoroni ndipo alipolijua, nalo ni jibu la kweli: yeye mwenyewe, wiki zote hizo, alikuwa ameamini kwamba jibu ni ndiyo. Mama Sukuma alimwambia hapana. Alimwambia kwa Kiswahili, kwa maneno machache, kama anavyoeleza wodini. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Yale maneno yangu niliyoyaandaa sikuyahitaji tena.

Mkewe alikuwa chumba cha ndani, ameketi kitandani, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Binti mdogo kuliko nilivyomfikiria, nywele amezifunga kwa kitambaa. Alipomtambua Mama Sukuma alitaka kusimama. Mama Sukuma akamzuia, akakaa kitandani kando yake, akamshika mkono, sawasawa na alivyofanya siku ile. Mimi nikabaki ukutani. Fundi hakuingia, alisimama kwenye kizingiti na aproni yake yenye vumbi la vioo.

"Vous m'avez posé une question," Mama Sukuma akasema. Uliniuliza swali. Hiyo hatukuifanyia mazoezi; sijui aliitunga lini.

Binti akamtazama.

"Votre mari a dit une autre question. J'ai répondu à l'autre." Mume wako alisema swali lingine. Mimi nililijibu hilo lingine. Matamshi yalikuwa mabaya kiasi kwamba nilibana kucha viganjani, na kila neno lilikuwa mahali pake. Halafu akavuta pumzi, akatuliza mabega, kama anavyowaambia watu wengine siku zote, akalijibu.

"Non. Même si vous étiez venue le matin, il n'aurait pas vécu. Il était déjà mort avant les douleurs."

Hakuna lililokosewa. Upande wa si ulikuwa safi. Nimefundisha wakati huo maisha yangu yote, nimesahihisha majuto ya watu wasiohesabika kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kulia kwa sababu yake. Niligeukia ukuta.

Binti akauliza kwa sauti ndogo, même à l'aube? Hata alfajiri? Même à l'aube, Mama Sukuma akamjibu. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia. Akajibiwa tena. Alianza kueleza kitu kwa haraka, Kifaransa cha kwao kinachokimbia, na Mama Sukuma akamwinulia kiganja: doucement, polepole, sina maneno mengi. Basi binti akapunguza kasi, akaanza upya, akichagua maneno kama unavyomchagulia mtoto mdogo. Alisema kwamba siku mbili kabla alihisi mtoto ametulia, akadhani amelala. Aliuliza kuhusu hilo pia.

Nilijua kwamba sentensi ya faraja ingeingia hapo, ile iliyotolewa. Mama Sukuma pia alijua. Aliendelea kuushika ule mkono.

"Ça, je ne sais pas," akasema. Hilo silijui.

Nadhani ndilo lililomfanya binti amwamini. Mtu aliyekuja kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa asingalisema vile. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa bega la Mama Sukuma, akalia, na kilio hicho hakikuwa na kelele. Fundi pale mlangoni alikuwa anaangalia miguu yake.

Binti alipoinua uso, alijifuta kwa moja ya zile nguo zilizokunjwa. Akasema jambo lingine, la ule ule wakati niliouandika ubaoni: je l'aurais appelé. Ningalimwita. Na akataja jina.

Mimi halikuniambia kitu, wala Mama Sukuma, ambaye alilirudia ili alishike vizuri. Lakini kwenye kizingiti fundi alishikilia fremu ya mlango, akateleza nayo taratibu mpaka akakaa chini. Lilikuwa jina la marehemu baba yake. Mkewe alikuwa amelichagua kimyakimya, tangu miezi ya mwanzo, akamfichia ili amwambie siku mtoto atakapozaliwa.

Fundi akawa analia pale chini, amefunika uso kwa vidole vyake vya makovu. Mkewe alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kisha akamwambia kwa Kifaransa ainuke, sakafu ina baridi.